Siku 12 kumfuata mtunga kamusi, kuanzia kaburini

Siku ya 1, Kolkata

Mpwa wangu alitangulia kufika kwa treni kutoka Pune, saa thelathini na kitu njiani, na bado alinipokea uwanja wa ndege akiwa na shati lililonyooka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekonda."

"Chakula cha hosteli, mjomba."

Anasoma ufamasia, yuko mwaka wa tatu, na Kihindi chake cha sokoni kinatosha kubishana nauli. Ndiyo sababu nikamwita. Kwenye simu nilimwambia tu kwamba tunakwenda milimani. Ndani ya teksi ya njano, nikiwa nimeushika mlango usiofunga vizuri, nikamweleza kwamba tunamfuata mtu aliyetunga kamusi.

"Ya Kiswahili?"

"Ya Kitibeti. Amekufa 1842."

Akatazama nje. Mitaa imejaa mianzi, wanajenga mabanda ya sikukuu ya Durga, makubwa kuliko turubai la harusi yoyote niliyowahi kuhudhuria Tanga. Kisha akauliza taratibu, "Mama anajua?"

Mama yake ni dada yangu. Hajui.

Siku ya 2, Kolkata

Mtu mwenyewe aliitwa Sándor Csoma, mzaliwa wa kijiji cha Kőrös huko Transylvania, sehemu ambayo leo ni Romania ila watu wa kijiji chake walikuwa wa Kihungaria. Alizaliwa 1784. Mwaka huohuo, hapa Kolkata, jaji mmoja Mwingereza, William Jones, alianzisha Asiatic Society, chama cha wasomi wa mambo ya Asia. Mtoto na chama wakakua kila mmoja upande wake wa dunia, hadi siku mtoto alipokuja kuwa mkutubi wa chama, analala humohumo ndani kati ya makasha ya vitabu.

Asubuhi tulikwenda Park Street kuliona jengo la zamani, la 1808, nguzo nyeupe na madirisha marefu. Tulisimama upande wa pili wa barabara, tukanywa chai kwenye vikombe vya udongo vinavyotupwa baada ya kunywea. Mpwa wangu alikitazama kikombe chake kama anayesubiri kuambiwa asikitupe. Nilikitia changu mfukoni.

Sasa niseme kwa nini mtu wa miaka hamsini na tano, mwenye kisukari kidogo na mshahara mdogo zaidi, anajisumbua hivi. Kazi yangu ni kuhariri kamusi. Miaka zaidi ya ishirini nimesoma prufu za vidahizo, yale maneno yanayofafanuliwa kwenye kamusi, nukta kwa nukta, mpaka macho yamechoka. Mwaka juzi nilikuwa napitia nakala za kamusi za kale kwenye kompyuta, nikitafuta namna watu wa zamani walivyopanga maana, nikaangukia kamusi ya Kitibeti na Kiingereza iliyochapwa hapa Kolkata mwaka 1834. Nilisoma ukurasa wa jina tu nikasimama. Umeandikwa kwamba kamusi imetayarishwa na Alexander Csoma de Kőrös, lakini kabla ya jina lake kumetangulia maneno mengine: kwa msaada wa Bande Sangs-rgyas Phun-tshogs, lama msomi wa Zangskar.

Lama ni mwalimu wa dini ya Kibudha, na Zangskar ni bonde la milima ya Ladakh, kaskazini mwa India. Mwalimu ametajwa. Na ametajwa kwa jina na cheo na kwao, juu ya jina la mwanafunzi.

Wengine hawataliona hilo kuwa jambo. Mimi nililiona kwa sababu ya babu yangu mzaa mama. Alikuwa mvuvi. Miaka ya 1950 alikuja mtafiti mmoja wa Kizungu, akakaa naye misimu miwili akiandika majina ya samaki: changu, tasi, kolekole, pono, na yale majina ambayo hata sisi wajukuu hatuyajui tena, majina ya samaki akiwa mdogo, akiwa na mayai, akiwa mzee. Babu akilala pwani naye, akimpasulia samaki kumwonyesha mifupa. Kitabu kilipotoka, kwenye shukrani palikuwa na neno moja, wenyeji. Babu hakujua kusoma, kwa hiyo hakuumia. Aliyeumia ni mama yangu, aliyekuwa anajua.

Basi nikataka kumjua mtu ambaye, miaka zaidi ya mia moja kabla ya huyo, aliona kwamba mwalimu ana jina.

Siku ya 3, Kolkata hadi ndani ya treni

Mchana mzima tumelala kwa joto. Usiku tumepanda treni stesheni ya Sealdah. Mpwa wangu amepata kitanda cha juu, mimi cha chini, na mama mmoja wa Kibengali aliyekaa mkabala nasi ametulisha samaki wa haradali bila kutuuliza kama tuna njaa.

Kabla ya taa kuzimwa nikamsimulia mpwa wangu ile safari ya kwanza. Csoma alikuwa maskini. Alisoma chuo cha Nagyenyed huku akifundisha watoto wadogo ili apate ada, kisha akaenda Göttingen, Ujerumani, akajifunza Kiarabu. Kichwani alikuwa na swali moja: Wahungaria walitoka wapi? Lugha yao haifanani na za majirani, si Kijerumani, si Kislavoni, si Kiromania. Yeye aliamini chimbuko liko ndani kabisa ya Asia, kwenye nchi ya watu aliowaita Yugar. Novemba 1819 akaondoka, fimbo mkononi.

Akashuka Bucharest, akavuka Bulgaria. Istanbul alikwepa kwa sababu ya tauni, akapanda jahazi hadi Alexandria, Misri, mwezi Februari 1820. Hiyo ndiyo mara pekee aliyokanyaga Afrika, na tauni ikamkuta na huko, akatoka haraka. Kupro, Beirut, kisha kwa miguu hadi Halab, Syria. Mosul, na kutoka hapo akashuka mto kwa mtumbwi wa magogo hadi Baghdad. Tehran alipumzika miezi, akavaa Kiajemi, akajiita Skander Beg. Bukhara. Kabul. Lahore. Kashmir. Juni 1822 akafika Leh, Ladakh, miaka miwili na nusu tangu kwao.

"Aliwapata hao watu?" mpwa wangu akauliza kutoka juu.

Hakuwapata. Ndugu wa karibu wa Kihungaria ni lugha za watu wachache wanaokaa kando ya mto Ob, Siberia, Wakhanti na Wamansi, na kwa mbali zaidi Wafini. Csoma alikuwa anaelekea upande usio wake.

"Maskini," kijana akasema, akalala palepale.

Siku ya 4, Siliguri hadi Darjeeling

Tulishuka New Jalpaiguri asubuhi. Hapa ni tambarare, unyevunyevu, majani marefu, mabwawa kila upande. Wanaita Terai. Mtu wa Tanga hahitaji kuambiwa. Ukisikia joto la namna hii na mlio ule sikioni, unajua uko kwa nani. Februari 1842 Csoma aliondoka Kolkata, sasa anakaribia miaka 58, akielekea Lhasa, mji mkuu wa Tibeti ambao hakuwahi kuufikia licha ya kuijua lugha yake kuliko Mzungu yeyote. Alipita hapa. Alifika Darjeeling tarehe 24 Machi akiwa ameshaibeba homa mwilini. Wakati huo wote waliamini ni hewa mbaya ya mabwawa inayoua. Ilibidi kungoja miaka ya 1890 ndipo Ronald Ross, humuhumu India, athibitishe kwamba ni mbu.

Treni ndogo ya milimani, ya 1881, reli yake ina upana wa sentimita 61 tu, ilikuwa imejaa. Tulichukua jipu la kuchangia, watu kumi ndani, kona zisizohesabika. Mpwa wangu alitapika mara mbili kwa adabu, dirishani.

Siku ya 5, Darjeeling

Kaburi liko kwenye makaburi ya zamani, barabara inayoteremka kuelekea Lebong. Tulipotea kidogo. Mvua nyepesi, ukungu unapanda kutoka bondeni na kufuta miti mmoja baada ya mwingine. Kisha tukaliona: mnara mfupi mweupe wa pembe nane, mawe mengine yamewekwa na Wahungaria waliokuja baadaye, na riboni za rangi ya bendera yao, nyekundu, nyeupe na kijani, zimelowa zimeshikana.

Maandishi ya kwanza yaliwekwa na wenzake wa Asiatic Society. Yanasema kwamba alikuja Mashariki kwa ajili ya uchunguzi wa lugha, akavumilia dhiki ambazo wachache wameweza kuzivumilia, akatunga kamusi na sarufi ya Kitibeti, na kwamba hizo ndizo mnara wake wa kweli. Yanasema akiwa njiani kwenda Lhasa alifia hapa, tarehe 11 Aprili 1842, umri miaka 44.

Nilirudia kusoma. Nikatoa miwani, nikaifuta, nikasoma tena.

"Vipi mjomba?"

"Hesabu. Amezaliwa 1784, amekufa 1842."

Akapiga hesabu kwa vidole. "Hamsini na nane."

"Sasa hapo wameandika ngapi?"

Mtu aliyeutoa uhai wake kwenye usahihi wa maneno, amelala chini ya kosa la chapa. Na kosa lenyewe limekatwa kwenye jiwe, huwezi kutoa toleo la pili. Nilicheka mpaka mpwa wangu akaona aibu mbele ya mlinzi. Halafu nikakaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani maana magoti yalikuwa yamelegea. Mimi mwenyewe nina kosa moja kwenye kamusi iliyoko mashuleni sasa hivi. Silitaji. Ninalijua ukurasa wake.

Aliyemuuguza siku za mwisho ni Dokta Archibald Campbell, msimamizi wa Darjeeling enzi hizo. Ameacha maelezo, na ndiyo yanayotufanya tumwone Csoma kwa karibu. Alikuwa amefurahi sana siku chache kabla. Wakili wa mfalme wa Sikkim, ufalme wa jirani, alishangaa kukutana na Mzungu anayejua Kitibeti na dini yao kiasi kile, na ruhusa ya kwenda Lhasa ilionekana inakuja. Tarehe 6 Aprili Campbell akamkuta na homa. Akamsihi anywe dawa. Akakataa, akasema ameshapona homa mbaya kuliko hiyo. Alipokubali ilikuwa imechelewa. Mpwa wangu, kwa sauti ya kifamasia, akasema kwamba ndivyo walivyo wagonjwa wote wa umri huo, akaniangalia.

Mali aliyoiacha: masanduku manne ya vitabu na karatasi, suti moja ya buluu aliyoivaa daima na aliyokufa nayo, mashati machache, na sufuria moja ya kupikia. Chakula chake kilikuwa chai zaidi ya kitu kingine, na wali mtupu kidogo. Alilala juu ya mkeka, masanduku ya vitabu yakimzunguka pande nne.

Siku ya 6, Darjeeling

Mvua kutwa. Tumekunywa chai.

Chai yenyewe ina kisa. Campbell huyohuyo ndiye anayesimuliwa kuwa alipanda mbegu za kwanza hapa Darjeeling, bustanini kwake, mwaka 1841, mmoja kabla ya Csoma kufika. Mashamba yote haya yanayoonekana ukungu ukifunguka yana asili kwenye majaribio ya aina hiyo. Nimemnunulia dada yangu pakiti mbili, labda zitanisaidia siku ya kueleza.

Siku ya 7, angani

Bagdogra, Delhi. Usiku tumelala kwenye viti vya uwanja wa ndege maana ndege ya Leh inaondoka alfajiri.

Siku ya 8, Leh

Mita 3,500 kutoka usawa wa bahari, na jana asubuhi tulikuwa bondeni. Mtu aliyezaliwa anasikia mawimbi hakuumbwa kwa mambo haya. Kichwa kinagonga kama kinu. Kupanda ngazi kumi na mbili za nyumba ya wageni nimepumzika mara mbili. Mpwa wangu ananipa vidonge na kunihesabia mapigo ya moyo kwa uso wa kazi, nami nanyamaza, kwa sababu humu ndani leo mkubwa ni yeye.

Dirishani: milima isiyo na jani hata moja, rangi ya ngozi ya simba, na chini yake mstari mwembamba wa mipopla ya njano. Anga ni buluu kama wino mbichi.

Siku ya 9, Leh

Nimeamka mtu. Mama mwenye nyumba ameniletea chai ya hapa: majani, chumvi na siagi, vinasukwa pamoja kwenye gudulia refu la mbao. Ukiinywa ukifikiri ni chai utaichukia. Ukiinywa ukifikiri ni supu, inashuka vizuri. Kuna na unga wa shayiri iliyokaangwa, unaukanda na hiyo chai kwa vidole mpaka unakuwa tonge. Mpwa wangu alikula matonge sita. Alisema unamkumbusha ugali wa bibi, jambo ambalo si kweli, lakini ana njaa ya nyumbani.

Leh ndipo Csoma alipokwama. Njia ya kwenda Yarkand, mji wa biashara wa Asia ya Kati, kaskazini, ilikuwa ngumu, ghali na ya hatari kwa mtu kama yeye. Akageuka kurudi. Tarehe 16 Julai 1822, karibu na Dras, akakutana njiani na William Moorcroft, daktari wa mifugo wa Kampuni ya India ya Mashariki ya Waingereza, aliyekuwa akizunguka huku akitafuta farasi. Moorcroft akampa kitabu alichokuwa nacho, Alphabetum Tibetanum, kilichochapwa Roma mwaka 1762. Kilikuwa kimejaa makosa. Hicho ndicho kitabu pekee cha kuelezea Kitibeti kilichopatikana Ulaya, na Csoma, kwa kuona ubovu wake, akashika hamu. Pia alisikia kuna maktaba nzima za Kitibeti ambazo huenda zimetaja watu wake. Nadhani mhariri yeyote anaelewa: hakuna kinachomwamsha mtu kama kitabu kibaya juu ya jambo zuri.

Tusimpambe Moorcroft. Waingereza walitaka mtu ajue Kitibeti kwa sababu walikuwa wanautazama mpaka na biashara ya upande wa pili. Fedha zilitoka huko. Csoma alipotokea kwenye kituo chao cha Sabathu mwaka 1824, walimshuku kuwa jasusi, wakamweka hapo wakisubiri amri. Kwenye utangulizi wa kamusi yake bado anajieleza: hakutumwa na serikali yoyote kukusanya habari za siasa, wala si miongoni mwa matajiri wanaotembea kwa fedha zao ili wajifurahishe, ni mwanafunzi maskini tu. Ukisoma hayo unasikia mtu ambaye ameulizwa swali hilo mara nyingi mno.

Baadaye walimpa rupia 50 kwa mwezi. Wakati akikaa kijiji cha Kanam, 1827 hadi 1830, kwenye kibanda kimoja na lama wake, alizigawa hivi: 25 kwa lama, 4 kwa mtumishi, 1 kodi ya nyumba. Zilizobaki, 20, ndizo chakula, nguo, karatasi na wino. Mwalimu alipata zaidi ya mwanafunzi.

"Babu alilipwa nini?" mpwa wangu akauliza. Yeye hakumkuta babu.

Sukari kilo mbili kila Ijumaa. Na siku ya kuondoka, suruali ya kaki iliyokuwa kubwa, bibi akaikatia kaptula mbili.

Siku ya 10, Leh hadi Kargil

Karibu kilomita 215. Dereva hana maneno. Lamayuru tulisimama kuona makao ya watawa yamekaa juu ya udongo wa njano uliomomonyoka kama mishumaa iliyoyeyuka. Fotu La, kipito cha mlimani cha mita 4,108, ilipita huku nimefumba macho.

Kargil ni mji wa Waislamu, Mashia walio wengi. Baada ya siku za "jule", salamu ya Waladakhi, nilitoa "asalaam alaykum" kwa muuza aprikoti kavu, zile ndogo za njano za huku, na akaniitikia mpaka mwisho, akaongeza konzi moja bure. Nimeswali msikitini, mimi nimefunga mikono, wao wameiachia. Mzee jirani yangu alinisogezea kipande cha zulia kilichokuwa kimepata jua.

Csoma naye alipita kwenye miji ya Waislamu karibu miaka miwili kwa jina la Skander, ambalo si la uongo sana: Sándor, Alexander, Iskandar, ni jina moja limevaa kofia tofauti. Waladakhi walimwita kwa maneno yenye maana ya mwanafunzi kutoka ng'ambo.

Siku ya 11, Kargil hadi Padum

Saa kumi na moja ndani ya gari. Bonde la Suru ni la kijani, watu wanavuna, punda wamefunikwa na nyasi mpaka yanaonekana majani yanatembea yenyewe. Kisha mlima Nun unajitokeza, mita 7,135, na mpwa wangu ambaye Kilimanjaro ameiona kutoka basini tu akakaa kimya muda mrefu. Baada ya Rangdum hakuna mti. Kipito cha Pensi La ni mita 4,400 hivi, kimo kinachokaribia kilele cha Meru yetu, ila hapa unafika umekaa kwenye kiti. Chini yake barafu ya Drang-Drung imelala bondeni kama barabara pana nyeupe isiyokwenda popote. Upepo ulinipokonya kofia ya kufuma aliyonifumia mke wangu. Dereva alisimama, akaikimbilia, akairudisha. Hilo ndilo jambo pekee alilolifanya bila kuombwa kwa siku mbili, na lilitosha.

Padum usiku. Baridi chini ya sifuri.

Siku ya 12, Zangla

Asubuhi tulifuata mto Zanskar kwa saa moja na zaidi. Ngome ya Zangla inaonekana kutoka mbali, matofali ya udongo juu ya mwamba, ghorofa kadhaa, nyuma yake hakuna kitu ila mawe. Hapa ndipo Csoma alipokaa miezi 16, kuanzia katikati ya 1823 hadi Oktoba 1824, akisoma kwa Sangye Puntsog, yule lama wa ukurasa wa jina. Lama huyo alikuwa tabibu pia, mtu anayejulikana Ladakh, mwenye shughuli zake. Baadaye, kwenye makao ya watawa ya Phuktal, Csoma alilalamika kwamba mwalimu wake mzembe, kazi haiendi. Mimi namtetea lama. Ana wagonjwa, ana mavuno, na huyu mgeni anataka kila neno lifafanuliwe: la dini, la nyota, la dawa, la kilimo. Babu naye kuna siku alijificha nyuma ya ngalawa asionekane na yule mtafiti wake.

Na walichokuwa wakikisoma si kidogo. Maandiko ya Kibudha ya Kitibeti yako mafungu mawili. Kangyur, maneno yanayonasibishwa na Buddha mwenyewe, juzuu 100. Tengyur, ufafanuzi wa wanazuoni, juzuu 225. Mengi yake yalitafsiriwa kutoka Kisanskriti, na vitabu vya asili vingi vimepotea India. Csoma ndiye aliyewaeleza Wazungu, juzuu kwa juzuu, mna nini humo. Maelezo hayo yalitoka Kolkata mwaka 1836 na miaka iliyofuata. Alikuja kutafuta Wahungaria, akafungua ghala la watu wengine. Mwaka 1933 chuo kikuu cha Taisho, Tokyo, kilimtangaza kuwa bodhisattva, yaani mtakatifu wa Kibudha. Sijui angevaa nini kwenye hafla hiyo. Pengine ile suti ya buluu.

Mtunza ufunguo ni mzee wa kijijini. Alikuja taratibu, tasbihi mkononi, akatufungulia. Wahungaria wa kujitolea wameikarabati ngome hii miaka ya karibuni, wamezuia paa lisianguke. Unapanda gizani, unainamisha kichwa, unainamisha tena.

Chumba ni kidogo kuliko jiko letu. Maelezo ya kale yanasema futi tisa kwa tisa. Miezi mitatu au minne ya majira ya baridi walikaa humu watatu, Csoma, lama na mtumishi, hawatoki. Hawakuwa na moto wala taa ya usiku. Alijifunika joho la ngozi ya kondoo, mikono imekunjwa ndani, akasoma tangu kupambazuke hadi giza. Kilichomtesa zaidi ni kufunua ukurasa, kwa sababu ilimpasa autoe mkono.

Nilimwambia mpwa wangu akae chini. Akakaa, akavuta mikono ndani ya jaketi lake, mbele yake nikaweka simu yangu yenye nakala ya kamusi. "Soma." Akakaa dakika moja. Ukurasa ukaisha. Akanitazama, kisha akautazama ule mkono wake uliofichwa, akausukuma ukurasa kwa pua.

Mzee akacheka sana. Akainama kuona ni nini tunachosoma. Alipoona maandishi ya kwao kwenye simu ya mtu mweusi, uso ukabadilika, akachuchumaa. Nikarudisha ukurasa wa jina, nikalisoma jina la lama kama lilivyoandikwa kwa herufi za Kizungu, Sangs-rgyas Phun-tshogs, na konsonanti zote zikanijaa mdomoni kama mifupa ya tasi. Yeye akalisema kwa wepesi, mara mbili, akatikisa kichwa nilipojaribu. Sisi tunaandika tunavyotamka. Wao wanaandika walivyotamka wazee wao miaka elfu moja na zaidi iliyopita.

Akaenda mwanzo wa kamusi. Herufi ya kwanza. "Ka," akasema, kama mwalimu wa darasa la kwanza, akingojea.

"Ka," tukaitikia.

"Kha."

Hiyo tukaikosea kidogo.

"Ga."

"Ga."

Ya nne akaitamka polepole, akitutazama midomo, na kwa Kihindi akamwambia mpwa wangu kwamba hapa ndipo wageni wote wanapokwama, hao Wahungaria anawahurumia. "Nga," kwa sauti ya puani, ya ng'ombe, ya ng'ambo. Ni herufi, na peke yake ni neno, maana yake "mimi".

"Ng'a," mpwa wangu akasema.

Mzee akanyamaza. Akamwambia arudie.

"Ng'a. Ng'a. Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa. Mjomba, mwambie kwetu tunayo."

Sikuweza kumwambia, sina lugha ya kumwambia. Mzee alikuwa ameshamshika kijana mkono, anamwonyesha herufi ya tano.